Mcheza Kwao Hutunzwa: Siha ya Mwili na Kinga ya Majeraha kwa Watendaji wa Ngoma

Utangulizi

Waswahili husema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii ina sura nyingine inayopatikana katika makamusi na vinywani mwa wasemaji: mcheza kwao hutunzwa. Tofauti ni sauti moja tu, lakini maana hupanuka. Kitenzi "tunza" hubeba maana mbili: kumpa mtu zawadi kwa jambo alilolitenda vyema, na kukiangalia kitu ili kisiharibike. Mchezaji ngoma wa vyuo vyetu hutunzwa kwa maana ya kwanza. Hupewa vyeti, vikombe na vigelegele. Kwa maana ya pili, aghalabu hakumbukwi mpaka siku anapoketi nje ya ukumbi, kifundo cha mguu kimefura, na wenzake wanaingia jukwaani bila yeye.

Makala haya yanajadili namna ya kuujenga mwili wa mchezaji ngoma na kuukinga dhidi ya majeraha. Hoja ya msingi ni kwamba mwili wa mtendaji ni ala ya fasihi simulizi kama zilivyo ngoma, kayamba na zumari, na kwamba anayefundisha utendaji bila kufundisha utunzaji wa ala hiyo amefundisha nusu ya somo.

Mwili katika Somo la Fasihi Simulizi

Tangu Ruth Finnegan alipochapisha utafiti wake mkubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika mwaka wa 1970, wahakiki wengi wamekubali kwamba utendaji ndio uhai wa fasihi hiyo. Wimbo wa ngoma haukamiliki katika maandishi. Hukamilika pale fanani anapousimamisha mbele ya hadhira kwa sauti, mavazi, ishara na miondoko. Hata hivyo, katika madarasa mengi mjadala huishia kwenye maneno. Mwanafunzi huhesabu mishororo, hubainisha kibwagizo, hutaja dhima, kisha hufunga daftari. Goti lililopinda, bega lililotikiswa na unyayo uliopiga sakafu havimo katika daftari lile.

Pengo hili huonekana wazi muhula wa tamasha unapowadia. Tamasha za Muziki za Kenya zilianza mwaka wa 1927, na ngoma za kiasili zimekuwa fursa muhimu ya vijana kuutenda utamaduni wao. Kundi linalofaulu katika ngazi moja hupanda ngazi nyingine, na kila ngazi hudai mazoezi zaidi. Mwanafunzi aliyekaa miezi miwili maktabani huitwa mazoezini, akarushwa na kuzungushwa saa tatu kila jioni kwa wiki tatu mfululizo. Wimbo huuhifadhi kwa siku mbili, kwa kuwa akili yake imezoea kuhifadhi. Mwili hauna wepesi huo. Misuli, kano na mifupa hujiimarisha kwa wiki na miezi, nayo mifupa na kano huenda polepole kuliko misuli.

Hapa neno "kwao" katika methali hupata uzito. Aliyelelewa katika ngoma fulani aliianza utotoni, akaicheza arusini na matangani, na kazi zake za kila siku za kuteka maji, kulima na kuchunga mifugo zilimjengea miguu na pumzi. Mwanafunzi wa leo hucheza isukuti muhula huu na sengenya muhula ujao, ilhali hakuzaliwa katika yoyote kati ya hizo. Jambo hilo ni jema kwa utangamano wa taifa. Waigizaji wa Bomas of Kenya, kituo kilichoanzishwa mwaka wa 1971, wamelifanya kuwa kazi yao ya kila siku. Lakini anayecheza ugenini hana budi kuuandaa mwili wake kwa makusudi, kwa sababu maisha hayakumwandalia.

Kila Ngoma na Mzigo Wake

Si sahihi kuzungumzia ngoma kana kwamba zote huudai mwili kwa namna moja. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura, huenda kwa kasi na kutegemea sana mabega, kiuno na magoti yanayokaa yamepinda. Mpigaji wake hucheza huku amebeba ngoma, na upande mmoja wa mwili wake hufanya kazi kuliko mwingine. Adumu ya Wamaasai ni mruko wa wima unaorudiwa tena na tena, na mzigo wake huangukia shavu la mguu, kano ya kisigino na ugoko. Chakacha ya pwani huzungusha nyonga na kiuno, kwa hivyo mchezaji asiye na misuli imara ya tumbo na mgongo huhamishia kazi yote kwenye uti wa mgongo wa chini. Nazo ngoma za Wakamba zilizosifika kwa kuruka na kupinduka hewani hudai viganja, mabega na shingo vilivyokomaa, na juu ya yote ustadi wa kutua.

Njuga zinazofungwa miguuni huongeza uzito mahali ambapo mguu huuhisi zaidi. Sakafu nayo ina sauti yake. Majukwaa ya dansi yaliyojengwa kwa kazi hiyo huwa na mbao zinazonepa kidogo ili kuumeza mshindo. Kumbi zetu nyingi zina saruji, ambayo hainepi, na mshindo wote humrudia mchezaji aliye peku. Uwanja wa nyasi ni laini zaidi, lakini huficha mashimo. Kiongozi wa kundi anapaswa kuukagua kabla ya mtu yeyote kuruka.

Aina za Majeraha na Visababishi Vyake

Majeraha ya wachezaji hugawika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni majeraha ya ghafla, kama vile kuteguka kifundo cha mguu, kuchanika msuli au kuvunjika mfupa. La pili ni majeraha ya mrundiko, yatokanayo na mzigo mdogo unaorudiwa kabla ya mwili kujirekebisha. Tafiti za tiba ya densi, taaluma ambayo imekuwa na chama chake cha kimataifa tangu mwaka wa 1990, zimeonyesha mara kwa mara kwamba majeraha mengi ya wachezaji hutokea kuanzia nyonga kushuka chini, na kwamba ya mrundiko ndiyo mengi.

Majeraha ya mrundiko yana hila. Huanza kwa maumivu hafifu ya ugoko au goti baada ya mazoezi. Baadaye huja wakati wa mazoezi, kisha hubaki hata mchezaji anapopumzika. Anayeendelea kuruka juu ya maumivu ya ugoko anaweza kuishia na ufa katika mfupa. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta hapa huacha kuwa sitiari: ufa unaogunduliwa mapema huhitaji wiki kadhaa za kupumzika, na unaopuuzwa huweza kuwa mvunjiko kamili.

Visababishi vikuu ni vinne. Cha kwanza ni kuongeza mazoezi kwa pupa. Cha pili ni uchovu, kwa kuwa misuli iliyochoka hushindwa kuumeza mshindo na kuulinda ungo. Cha tatu ni jeraha la awali ambalo halikupona vyema. Kifundo kilichowahi kuteguka huwa rahisi kuteguka tena. Cha nne ni upungufu wa chakula na usingizi. Mwaka wa 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa taarifa kuhusu hali ya wanamichezo kutumia nishati nyingi kuliko wanayokula. Hali hii hudhoofisha mifupa, na kwa wasichana dalili yake moja kubwa ni kukatika kwa hedhi. Mwanafunzi anayekunywa chai kavu asubuhi, akashinda njaa ili kuokoa karo, kisha akacheza jioni saa tatu, yumo hatarini hata kama hajawahi kulisikia jina la hali hiyo.

Kuuotesha Mwili Moto

Kila mpigaji ajuaye kazi yake huiotesha ngoma kwenye moto au juani kabla ya kuipiga, ili ngozi ikazike na sauti itoke. Ngozi baridi hutoa mlio mzito na mbovu. Mwili wa mchezaji una kanuni inayofanana na hiyo. Misuli iliyopata joto hujikunja na kujikunjua kwa wepesi, viungo husogea kwa utelezi, na ubongo huitikia haraka mguu unapokosea.

Dakika 15 zinatosha. Tano za kwanza ni za kutembea kwa kasi na kukimbia polepole mpaka jasho jembamba litoke. Tano zinazofuata ni za kuvisogeza viungo bila kusimama: kuzungusha mabega, nyonga na vifundo, kubembea miguu mbele na nyuma, na kupiga hatua ndefu huku goti likishuka. Tano za mwisho ni za miondoko ya ngoma yenyewe, kwanza kwa nusu ya kasi, kisha kwa kasi kamili. Kunyoosha msuli na kuushikilia kwa muda mrefu, hasa unaozidi dakika moja kwa kila msuli, kusifanywe kabla ya kuruka, kwa kuwa hupunguza nguvu ya msuli kwa muda. Mahali pake ni mwishoni, mwili ukiwa bado na joto.

Si lazima jambo hili lionekane la kigeni. Katika muktadha wake wa asili, ngoma mara nyingi huanza kwa mwendo wa taratibu, wachezaji wakiingia kwa hatua ndogo na kiongozi akipandisha kasi kidogo kidogo. Ni ratiba ya mashindano, yenye dakika chache zilizohesabiwa, ambayo huukata mwanzo huo na kumtaka mchezaji aingie moja kwa moja katika kilele. Kilichokatwa jukwaani hakina budi kurejeshwa nyuma ya pazia.

Kuijenga Siha: Mpango wa Wiki Nane

Uchunguzi uliofanywa Uingereza na Matthew Wyon na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2004, ulilinganisha mahitaji ya mwili katika madarasa ya dansi ya kisasa, mazoezi na maonyesho yenyewe. Ilibainika kwamba onyesho hudai pumzi zaidi kuliko darasa na mazoezi. Fundisho lake ni kwamba kurudia ngoma peke yake hakumtayarishi mchezaji kikamilifu. Siha inahitaji kujengwa pembeni mwa ngoma.

Mpango wenye busara huanza wiki nane kabla ya tamasha, nao una nguzo nne.

Nguzo ya kwanza ni nguvu. Mara mbili au tatu kwa wiki, na kukiwa na siku ya kupumzika katikati, mchezaji achuchumae na kuinuka, ainue visigino polepole na kuvishusha polepole zaidi, apande na kushuka ngazi kwa mguu mmoja, na ajishikilie juu ya viwiko na vidole vya miguu huku mgongo ukiwa umenyooka. Seti 3 za marudio 10 hadi 15 zinatosha kwa mazoezi yanayorudiwa. Lile la kujishikilia lianze na sekunde 20. Hakuna kifaa kinachohitajika isipokuwa ngazi za bweni.

Nguzo ya pili ni pumzi. Mara mbili kwa wiki, kukimbia au kuruka kamba kwa dakika 20 hadi 30. Kuanzia wiki ya tano, mwendo mmoja ubadilishwe kwa vipindi: dakika moja ya kasi kubwa na dakika moja ya kutembea, mara 8. Vipindi hivi hushabihiana na ngoma, yenye kilele na kituo.

Nguzo ya tatu ni uwiano. Mchezaji asimame kwa mguu mmoja kwa sekunde 30, kwanza macho yakiwa wazi, kisha yamefumbwa. Zoezi hili dogo hukifundisha kifundo kujirekebisha kabla hakijateguka, na aliyewahi kuteguka asiliache hata siku moja.

Nguzo ya nne ni kutua. Mwili unapotua kutoka hewani hupokea nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa. Mchezaji atue kwa mbele ya unyayo kisha kisigino, nyonga na magoti yakipinda pamoja, na goti lielekee upande wa vidole bila kuangukia ndani. Kipimo rahisi ni sikio, maana anayetua vyema husikika kidogo. Palipo na mshindo ambao ngoma yenyewe inautaka, mshindo huo ufundishwe baada ya mchezaji kujua kutua kimya.

Mruko, njuga na saruji visiingizwe kwa pamoja katika wiki moja. Wiki mbili za kwanza ziwe za hatua bila mruko. Mruko uanze wiki ya tatu, kwa idadi ndogo inayohesabiwa. Njuga na mavazi mazito yaingie wiki ya tano. Wiki ya nane mazoezi yapunguzwe ili mwili upande jukwaani ukiwa umepumzika. Siku moja katika kila wiki iwe ya mapumziko kamili. Katika mwezi wa Ramadhani, mazoezi mazito ya waliofunga yahamishwe baada ya kufuturu, maji na chakula vikiwa vimeshapatikana.

Lugha ya Maumivu

Wanafunzi wa Kiswahili wana mchango mahususi katika jambo hili. Neno "mguu" humeza sehemu nyingi, na mchezaji asemapo tu kwamba mguu unamuuma, kiongozi hajui kama amesikia habari ya wayo, kisigino, kifundo, ugoko, shavu la mguu, goti au paja. Vivyo hivyo, "kiuno" hutajwa pale ambapo maumivu yako katika nyonga au kinena. Lugha yetu ina majina haya yote, nayo hayana budi kutumika. Kadhalika itofautishwe hali ya misuli kuwa mizito siku moja au mbili baada ya zoezi jipya, ambayo ni ya kawaida, na maumivu makali ya mahali pamoja yanayoongezeka kila siku, ambayo ni onyo. Mchezaji anayeweza kueleza ni wapi, tangu lini na wakati gani huumia amemrahisishia tabibu kazi.

Jeraha Linapotokea

Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa kupumzika, kuweka barafu, kubana na kuinua, kanuni iliyoenezwa na daktari Gabe Mirkin wa Marekani katika kitabu cha mwaka wa 1978. Mwaka wa 2014 Mirkin mwenyewe aliirekebisha, akieleza kwamba barafu na mapumziko ya muda mrefu vinaweza kuchelewesha kupona. Barafu bado inafaa kutuliza maumivu kwa muda mfupi. Kwa siku mbili tatu za mwanzo, kiungo kilindwe, kifungwe bandeji isiyokaza kupita kiasi na kiinuliwe. Kukichua kwa nguvu na kukikanda kwa maji moto katika siku hizo huweza kuongeza uvimbe, na anayefanya hivyo kwa nia njema anamdhuru mwenzake. Baada ya hapo kiungo kianze kusogezwa kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa mwaka wa 1992 vigezo vya kutambua kifundo kinachohitaji picha ya eksirei. Kwa ufupi, mchezaji asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia mfupa wenyewe unapobonyezwa nyuma ya kifundo au katikati ya wayo, apelekwe hospitalini bila kuchelewa. Aliyeumia kichwa au shingo asiinuliwe na wenzake, bali asubiri mhudumu wa afya.

Kurudi jukwaani kusiamuliwe na tarehe ya tamasha. Mchezaji yuko tayari anapoweza kuruka kwa mguu ulioumia mara nyingi sawa na kwa mguu mzima, bila maumivu na bila kuyumba.

Wajibu wa Chama, Mhadhiri na Mwamuzi

Ushauri huu wote hautafaa kitu ikiwa mchezaji anaogopa kusema kwamba ameumia. Katika makundi mengi, anayelalamika huitwa mvivu na nafasi yake hupewa mwingine. Kwa sababu hiyo wengi hunyamaza, na kimya chao hugeuka majeraha ya miaka. Chama cha wanafunzi kinaweza kuanza kwa mambo yasiyo na gharama: kumteua mtu mmoja wa kupokea taarifa za maumivu, kuwa na mchezaji wa akiba kwa kila nafasi, na kuweka kando bandeji na maji ya kunywa kabla ya kununua kitambaa cha sare. Mhadhiri anayetoa alama kwa utendaji anaweza kutenga kipindi kimoja cha mwanzo wa muhula kwa maandalizi ya mwili. Waandalizi wa tamasha nao wanaweza kutenga mahali pa kujiotesha moto karibu na ukumbi, ili kundi lililosubiri saa mbili kwenye baridi lisiitwe jukwaani ghafla.

Hitimisho

Fasihi ya maandishi inaweza kukaa rafuni miaka mia, ikasubiri msomaji. Fasihi ya utendaji haina rafu. Kitabu chake ni mwili wa kijana wa miaka 20, ambaye akitunzwa ataicheza ngoma ile mpaka awafundishe wanawe, na akivunjwa katika muhula mmoja ataikumbuka kila anapopanda ngazi. Turathi haiwezi kusemekana imehifadhiwa ikiwa wahifadhi wake wanachechemea. Ngoma zetu huwambwa, huoteshwa moto na hufunikwa zisinyeshewe. Kijana anayezicheza anastahili uangalifu usiopungua huo. Hapo ndipo methali itakapokuwa imetimia kwa maana zake zote mbili: mcheza kwao hutunzwa.